Gesi Iliyofanywa Nini?

Katika nyaraka za serikali ya Tanzania kuna vitenzi viwili vinavyokaribiana kwa sauti na vilivyobebeshwa mzigo mkubwa: kushindilia na kusindika. Gesi inayoendesha bajaji na teksi za Dar es Salaam ni gesi asilia iliyoshindiliwa. Ile inayotazamiwa kupakiwa melini huko Lindi, mradi ukikamilika, ni gesi asilia iliyosindikwa. Msomaji mwenye haraka atadhani mwandishi mmoja ana kithembe. Kumbe ni vitu viwili visivyofanana kabisa, na kimoja kati ya vitenzi hivyo kimepewa kazi isiyo yake.

Kosa hilo lingeweza kuachwa lilivyo, kama si gesi ya tatu inayokuja nyuma yake. Hiyo hutokana na taka zinazooza, husafishwa, hupozwa mpaka ikawa majimaji, kisha humiminwa kwenye matangi ya malori na meli. Huko Skogn, kando ya ghuba ya Trondheim nchini Norwei, kiwanda kilichoanza kazi mwaka 2018 hupokea mabaki ya samaki wa kufugwa pamoja na masalia ya kiwanda cha karatasi kilicho jirani, na kutoa gesi ya namna hiyo. Mwaka huohuo kampuni ya meli za abiria ya Hurtigruten ilitangaza kwamba inakusudia kuendesha baadhi ya meli zake kwa nishati itokanayo na samaki waliooza. Wasweden walikuwa wametangulia, kwenye mji wa Lidköping, mwaka 2012. Na kabla yao, mwaka 2009, jalala la Altamont huko California lilianza kugeuza gesi yake kuwa majimaji ya kuendeshea malori yaleyale yanayoleta taka jalalani. Hapo nakiri napenda mzunguko huo kuliko ushairi mwingi: taka inajibeba.

Kwa Kiswahili tuiiteje?

Kiswidi hakikuumiza kichwa. Kinasema flytande biogas, na neno flytande humaanisha kimiminika, humaanisha pia kinachoelea, na hata msemaji mwenye ulimi mwepesi husifiwa kwa neno hilohilo. Meli inayoelea kwa gesi inayoelea. Kituoni, dereva wa huko haoni hata neno hilo. Kwa gesi ya magari kwa jumla husoma fordonsgas, yaani gesi ya vyombo vya moto, basi. Jina la matumizi. Na huo ndio mtindo wetu pia tukiachwa wenyewe: gesi ya kupikia, gesi ya magari, mafuta ya taa. Mpishi haulizi kilichomo ndani ya mtungi kinaitwaje na wanakemia. Tatizo la majina ya matumizi ni kwamba hayasemi kitu kimefanywa nini, na gesi hii inadai tujue imefanywa nini.

Turudi basi kwenye kusindika. Wazee wa Unguja na Lamu waliona kinu cha kushindikia mafuta kikizungushwa na ngamia: ufuta au nazi kavu ndani, mti mzito juu, mnyama anazunguka, mafuta yanachuruzika. Shindika, au sindika kama wengi wanavyoandika leo, ilikuwa kukamua kwa kubana. Halafu viwanda vikaja na neno likapanuka. Tukasindika maziwa, nyama, matunda, korosho. Ubanaji ukasahaulika, ikabaki maana ya kupitisha kitu kiwandani kikatoka kinauzika. Kwa hiyo gesi iliyosindikwa inatuambia tu kwamba kuna kiwanda mahali fulani. Na kwa sikio la mtu anayekumbuka kinu, inaongeza uongo mdogo: inadokeza kwamba gesi ilibanwa mpaka ikatoa maji.

Uongo huo una historia. Michael Faraday alikuwa bingwa wa kubana gesi zikawa majimaji, lakini kufikia mwaka 1845 zilikuwa zimebaki sita zilizomshinda: oksijeni, nitrojeni, hidrojeni, monoksidi ya kaboni, oksidi ya nitriki na methani. Zikaitwa gesi za kudumu. Istilahi nzuri, yenye heshima, na isiyo kweli. Kilichokosekana ni ubaridi. Methani ina mpaka wake wa joto, takribani nyuzi 82 chini ya sifuri. Juu ya mpaka huo unaweza kuibana kwa nguvu zote za dunia na haitakuwa majimaji kamwe. Itakuwa gesi iliyosongamana, nzito, yenye hasira. Ndiyo iliyomo kwenye mitungi ya bajaji, imebanwa kiasi cha mara 200 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta, na bado ni gesi. Kwa hiyo kushindilia, kitenzi cha mtu anayekanyaga pamba ndani ya gunia, kimeteuliwa vizuri mno. Aliyekichagua anastahili pongezi.

Ili methani iwe majimaji katika tangi la kawaida lazima ipozwe hadi karibu nyuzi 162 chini ya sifuri. Hapo ujazo wake hupungua mara 600 hivi. Hii ndiyo sababu ya taabu yote: lita moja ya majimaji hayo ina nishati ya kiasi cha asilimia 60 ya lita ya dizeli, ilhali gesi iliyoshindiliwa haifiki hata theluthi. Bajaji inaweza kurudi kujaza kila siku. Lori la masafa marefu haliwezi.

Kichekesho ni kwamba ipo gesi moja inayostahili kuitwa iliyosindikwa kwa maana ya kinu, nayo ni ile ya jikoni. Propani na butani hugeuka majimaji kwa kubanwa tu, katika joto la Tanga au Mombasa, bila jokofu. Tikisa mtungi utaisikia ikicheza ndani. Lakini hiyo hakuna anayeiita iliyosindikwa. Ni gesi ya mtungi, na mjadala umekwisha.

Wengine wamejaribu gesi iliyoyeyushwa. Mimi neno hilo silipokei. Kuyeyuka ni kwa barafu, samli na risasi: kitu kigumu kinapolegea. Gesi haikuwa ngumu hata iyeyuke. Imeshuka kutoka upande wa pili. Shule za Tanzania zinafundisha yabisi, kimiminika na gesi. Wengine, Kenya hasa, husema kiowevu. Nomino tunazo mbili nzuri, kitenzi ndicho kinachotuponyoka. Nilivutiwa na kutonesha, kwa sababu ndicho kinachotokea hasa: hewa inapozwa, inatona. Lakini mwambie Mswahili yeyote kwamba kiwanda kinatonesha gesi, akili yake itakwenda kwenye kidonda. Kutonesha kumeshikwa na maumivu na hakuachiwi. Basi nabaki na kimiminika: biogesi kimiminika, nomino mbili zimesimama bega kwa bega bila kitenzi kati yao, kama tunavyosema askari kanzu au mwana mpotevu. Si tamu sana, ila haidanganyi.

Na hiyo biogesi je? Kwenye vijiji vya Arusha na Kilimanjaro, ambako kituo cha teknolojia vijijini cha CAMARTEC kimeeneza mitambo ya kujengewa ardhini kando ya zizi, wako wanaosema gesi ya samadi, na wako wanaosema gesi ya kinyesi bila kuona haya. Yote mawili ni majina ya ng'ombe. Hayafai kwa mabaki ya samoni wa Skogn wala maganda ya ndizi ya sokoni. Neno la kitaalamu la kazi inayofanyika ndani ya tangi ni mmeng'enyo, na hilo naliona zuri kupindukia, kwa sababu tangi hilo kwa kweli ni tumbo: vijidudu visivyotaka oksijeni vinakula, na kinachotoka ni gesi ambayo nusu yake au zaidi ni methani, iliyobaki karibu yote ni kaboni dioksidi. Ng'ombe anafanya hayohayo, na hahitaji mhandisi.

Kwenye taka ndiko watafsiri wanakojikwaa zaidi. Kilimo kisichotumia kemikali za viwandani tulikiita kilimo hai, na kikapendeza. Kwa mantiki hiyo mtu akaweza kuandika taka hai, nami nikawaza lundo la taka linalopumua na kunitazama. Mwingine anaandika taka za kikaboni, jina linalosikika la kisomi mpaka ukumbuke kwamba mfuko wa plastiki nao umejengwa kwa kaboni, na huo hauozi hata ukiusubiri na wajukuu. Manispaa zetu zilishatoa jibu zamani, limeandikwa kwenye mapipa: taka zinazooza, taka zisizooza. Hakuna haja ya jingine. Kuoza ndiko kunakotoa gesi. Neno la pipa lina kemia sahihi kuliko neno la kitabu.

Inanifurahisha pia kwamba neno gesi lenyewe lilizaliwa karibu na uozo na uchachu. Jan Baptist van Helmont, tabibu wa karne ya 17 kutoka Brussels, alilitunga akilitazama neno la Kigiriki la vurugu ya mwanzo wa dunia, na kati ya vitu alivyokuwa akivichunguza ni pumzi itokayo kwenye makaa yanayoungua na kwenye zabibu zinazochachuka. Mwaka 1776 Alessandro Volta alichokoa matope ya Ziwa Maggiore kwa fimbo akakusanya mapovu, akapata gesi ya kinamasi inayowaka. Hiyo ndiyo methani. Kiswahili kilipokea gesi kutoka kwa Waingereza kama kila mtu, lakini kisidhaniwe kilikuwa kitupu. Watu wa Goma, chini ya volkano ya Nyiragongo, wana neno mazuku kwa ile hewa nzito isiyoonekana, kaboni dioksidi itokayo ardhini, inayolala mabondeni na kuua mbuzi na watoto. Wanasayansi wa volkano wamelichukua wakaliandika katika makala zao za Kiingereza jinsi lilivyo. Walilihitaji kwa sababu lilieleza hatari.

Biogesi ikisafishwa, kaboni dioksidi karibu yote huondolewa. Lazima, maana kaboni dioksidi huganda kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri na ingeziba mabomba kwa barafu muda mrefu kabla methani haijawa majimaji. Kinachobaki ni methani karibu tupu. Chembe yake haitofautiani hata kidogo na chembe ya methani ya Songo Songo, hazina ya gesi ya Tanzania iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutoa gesi ya biashara mwaka 2004. Kiambishi bio- hapo kinafanya kazi ya ubini: kinasema baba ni nani, hakisemi sura ikoje. Ndiyo maana nacheka kidogo nikiona tunaiita moja asilia, kana kwamba iliyotoka kwenye matumbo ya samaki ni ya bandia. Tofauti ya kweli ni umri wa kaboni. Ile ya Songo Songo ilizikwa mamilioni ya miaka; ya taka ilivutwa na mimea kutoka hewani juzijuzi, ikichomwa inarudi ilikotoka.

Hapo ndipo neno safi linapopata uzito wake, nalo linahitaji kushikwa kwa mikono miwili. Methani ikivuja bila kuchomwa hulipasha anga joto kwa kiasi cha mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule, kwa hesabu ya miaka 100. Nishati safi yenye valvu inayovuja ni chafu kuliko jina lake. Lakini katika Kiswahili safi ina pia pua. Safi ni isiyonuka, na kwa maana hiyo gesi hii ni safi kwa namna ya kutisha. Gesi ya jikoni haina harufu yake yenyewe; ile tunayoinusa imetiwa kwa makusudi ili tuamke ikivuja. Kwenye methani iliyopozwa harufu haiwezi kutiwa, kwa kuwa dawa yake ingeganda. Kwa hiyo zao la samaki waliooza linavuja bila kunuka chochote. Dalili pekee ya macho ni ukungu mweupe, nao si methani, ni unyevu wa hewa uliogandishwa na baridi. Tunahitaji vitambuzi, na tunahitaji jina litakalomfanya mtu asisogeze pua kutafuta jibu.

Istilahi ni neno la shina lililotupatia suluhu na maslahi, yaani jambo watu waliloafikiana. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, tangu mwaka 1967 limesanifisha mengi, na kwa biogesi kimiminika sina shaka wataafiki au wataleta bora. Ila naweka dau kwamba mafundi hawatangoja. Fundi atakayeshika mpira wa kujazia akiwa na glavu nene na kinga ya uso, akaona barafu ikiota kwenye kiungio na kuambiwa tone moja linaunguza ngozi kama moto, ataiita gesi baridi. Nami nitakuwa upande wake. Neno hilo linasema imefanywa nini, na linasema usiiguse.

Litamletea swali moja tu gumu. Lori likikaa siku kadhaa bila kutembea, joto la kawaida la mchana hupenya tangi kidogokidogo, na gesi baridi huanza kuchemka. Kuchemka, kwetu, ni sufuria na moto. Gesi hii inachemka kwa nyuzi 162 chini ya sifuri, na moto wake ni kivuli cha mwembe saa nane mchana. Valvu ya usalama itafunguka yenyewe na kutoa mvuke. Fundi asiyeambiwa mapema atadhani tangi limeharibika, ilhali linafanya kazi yake. Atakayeambiwa atajua kulisogeza lori penye uwazi, mbali na ukuta, jiko na sigara, na kulitumia kabla ya wikiendi.