Tiba ya macho: miaka 40 ya ugomvi, na majeruhi wetu bado wanasubiri

Inakaribia kutimia miaka 40 tangu Francine Shapiro, Mmarekani mzaliwa wa Brooklyn, atoke kutembea katika bustani moja ya mji wa Los Gatos, California. Ilikuwa mwaka 1987. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa na mawazo yanayomkera, na ghafla akatambua kwamba yamepungua makali. Alipojichunguza akaona kuwa kila wazo baya lilipomjia, macho yake yalikimbia huku na huko bila yeye kuyaamuru. Akaanza kuyaendesha kwa makusudi, kisha akawajaribu marafiki.

Hakuwa daktari. Alikuwa New York akisomea shahada ya uzamivu ya fasihi ya Kiingereza wakati saratani ilipomkuta, mwishoni mwa miaka ya 1970. Alipopona aliiacha fasihi na kugeukia saikolojia. Mwaka 1989 akachapisha utafiti wake wa kwanza kuhusu watu 22, wakiwemo askari waliorudi kutoka Vietnam na watu waliobakwa au kunajisiwa utotoni. Miaka miwili baadaye tiba ikapata jina la EMDR, linalotumika mpaka leo.

Anayeitazama kwa mara ya kwanza huona kitu chepesi mno. Mtaalamu anaketi karibu na mgonjwa, anainua vidole viwili mbele ya uso wake na kuvipeleka kushoto na kulia, mara ishirini na kitu kwa mkupuo. Mgonjwa anavifuata kwa macho bila kugeuza kichwa, huku ameishikilia akilini ile picha mbaya kuliko zote: mlango unaovunjwa, gari linalopinduka. Mkono unasimama. Mgonjwa anavuta pumzi, anaulizwa ni nini kimemjia sasa, kisha vidole vinaanza tena. Maumivu hupimwa kwa namba, kuanzia 0 hadi 10. Kipimo hicho kimetokana na kazi ya Joseph Wolpe, daktari wa akili mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kuhangaika na majeraha ya nafsi alipokuwa akitibu askari wa Afrika Kusini katika Vita vya Pili vya Dunia. Kabla ya vidole kuinuliwa kuna kazi ndefu ya kumwandaa mgonjwa, na baada yake kuna kumtuliza. Tiba nzima ina hatua nane.

Ugomvi ulikuja mapema. Shapiro alitaka kila mtaalamu afundishwe rasmi kabla ya kumgusa mgonjwa, na wanafunzi wa mwanzo walitakiwa kusaini kwamba hawatawafundisha wengine. Yeye aliona anawalinda wagonjwa. Wapinzani waliona biashara iliyowekewa ukuta, kwa kuwa katika sayansi mbinu huwekwa mezani kila mtu aipime. Mwaka 1995 mwanasaikolojia Gerald Rosen aliitilia shaka hata ile simulizi ya bustani, akisema kuwa mtu hawezi kuihisi mikimbio ya macho yake mwenyewe kwa namna ile.

Richard McNally wa Chuo Kikuu cha Harvard alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1999 alimlinganisha Shapiro na Franz Mesmer, tabibu aliyeutikisa mji wa Paris katika karne ya 18 kwa madai ya kuponya kwa nguvu ya sumaku iliyomo mwilini. Mwaka 1784 Mfalme Louis XVI aliunda tume ya kumchunguza, na ndani yake walikuwamo mkemia Lavoisier na Benjamin Franklin, mjumbe wa Marekani nchini Ufaransa. Katika bustani ya Franklin mti mmoja ulitiwa hiyo "sumaku", kisha mvulana aliyefungwa kitambaa machoni akapitishwa mti baada ya mti. Alizimia kwenye mti ambao haukuguswa kabisa. Tume ikahitimisha kwamba kilichofanya kazi ni dhana ya mgonjwa tu.

Ulinganisho huo ulichekesha kumbi za vyuo, lakini naamini haukuwa wa haki. Mvulana yule alianguka kwenye mti usiohusika, ilhali wagonjwa wa Shapiro walipata nafuu hata katika majaribio yaliyosimamiwa vizuri. McNally mwenyewe hakupinga hilo. Alichodai ni kwamba kinachotibu ni kuikabili kumbukumbu, na vidole ni pambo tu. Uchambuzi wa tafiti wa mwaka 2001 ulimuunga mkono, na ule wa mwaka 2013 ukasema mwendo wa macho unaongeza kitu. Maelezo yanayopewa uzito leo ni kwamba akili haiwezi kushika kwa nguvu mambo mawili kwa wakati mmoja: ikifuata vidole, picha ya kutisha inafifia.

Mwaka huohuo wa 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka EMDR miongoni mwa tiba zinazopendekezwa kwa wenye kiwewe cha muda mrefu, watu wazima na watoto. Likaonya pia kwamba dawa za kutuliza za kundi la diazepamu zisitumike kupunguza dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Shapiro alifariki mwaka 2019.

Na huku kwetu? Nairobi mwaka 1998, zaidi ya watu 200 waliuawa kwa bomu. Garissa mwaka 2015, 148 waliuawa katika shambulio la chuo kikuu. Tunawajua waliokufa kwa idadi, tunawajengea mnara, tunasoma majina yao kila mwaka. Walionusurika huambiwa pole, mshukuru Mungu, na wengi hurudi nyumbani na usiku usiolalika. Hilo linaniudhi, kwa sababu njia za kuwafikia wengi kwa pamoja zipo. Baada ya kimbunga Pauline kuupiga mji wa Acapulco, Mexico, mwaka 1997, wataalamu waliwafundisha watoto kukunja mikono kifuani na kujigonga mabega kwa zamu, kulia na kushoto, badala ya kufuata vidole. Kikao kimoja kikahudumia kundi zima. Mwaka 2015 ilichapishwa taarifa ya tiba hiyo ya makundi kwa wanawake waliobakwa nchini Kongo. Haihitaji mashine wala umeme. Inahitaji mtu aliyefundishwa na kusimamiwa vizuri, na wizara zetu za afya zingeweza kuanza na wauguzi wa wodi za majeruhi na maofisa ustawi wa jamii, maana ndio wanaomwona manusura siku ya kwanza.