Mbingu za Zamani Juu ya Mto Tana

Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Ikiwa maji ya mtungi hayazoleki, sembuse mvua iliyonyesha zaidi ya miaka sitini iliyopita! Mvua hiyo ilikwisha kuingia ardhini, ikashuka mtoni, ikafika baharini. Na mawingu yaliyoitia nchi giza hayakuacha hata kivuli. Walakini, msomaji, siku hizi mtu aliyeketi nyumbani kwake mbele ya kompyuta aweza kuchagua siku moja ya zamani, akajiona yu rubani wa ndege, na akaruka katika upepo na mawingu yanayosemekana kuwa ni ya siku ile ile. Katika insha hii tutatazama jinsi jambo hilo linavyotendeka, kisha tutauliza swali ambalo mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza mbele ya kila habari ya kale: Je, habari hii imetoka wapi, nasi tuiamini kwa kiasi gani?

Ili swali letu lisielee hewani, tuchague mahali na wakati. Mahali ni Masalani, mji wa Ijara katika Kaunti ya Garissa, ulio upande wa mashariki wa Mto Tana, kusini ya Garissa. Hii ni nchi ya wafugaji wa Kisomali, nao Wapokomo wanalima kandokando ya mto. Wakati ni miezi ya mwisho ya mwaka 1961. Kenya ilikuwa imetoka katika ukame mkali, mara mvua za vuli zikaja kwa wingi usio wa kawaida. Tana ukafurika, barabara zikakatika, na watu wakabaki katika visiwa vya nchi kavu wakizungukwa na maji. Ndege za jeshi la anga la Uingereza, lililokuwa na kambi yake Eastleigh, Nairobi, zilitumwa kupeleka chakula. Miongoni mwao zilikuwamo Beverley, ndege kubwa za mizigo zenye injini nne. Fikiri basi kwamba wewe ndiwe rubani wa ndege mojawapo. Ungeona nini mbele yako?

Kabla ya kujibu, tuitazame kwanza mashine yenyewe ya kuigiza urukaji. Mwaka 1929 Mmarekani mmoja, Edwin Link, ambaye jamaa yake walikuwa watengenezaji wa vinanda, alitengeneza ndege ndogo ya mbao isiyoondoka chini. Aliichezesha kwa mivukuto ya hewa kama ile inayotumika katika kinanda, ikawa yainama na kuinuka kwa kadiri mwanafunzi avutavyo usukani. Mwanzoni wengi waliiona kuwa ni kitu cha kuchezea watoto. Lakini mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kuchukua barua kwa ndege, na katika majuma machache marubani kadhaa walikufa kwa sababu hawakuzoea kuruka ndani ya mawingu na dhoruba. Hapo jeshi lilinunua mashine sita za Link. Angalia vema, msomaji: mashine hizi zilipata heshima yake kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Michezo ya kompyuta ya kurusha ndege, iliyoanza kuenea majumbani tangu miaka ya 1980, ni wajukuu wa kile chombo cha mbao.

Katika michezo ya kwanza mchezaji alijichagulia hali ya hewa apendavyo: wingu hapa, upepo pale. Baadaye ziliandikwa programu ziwezazo kupokea taarifa za kweli kutoka viwanja vya ndege. Taarifa hizo huandikwa kwa ufupi kwa mtindo mmoja duniani kote, ili rubani wa taifa lo lote azielewe. Ukiona 18012KT, maana yake upepo watoka kusini kwa mwendo wa noti 12. Ukiona BKN020, maana yake mawingu yamefunika sehemu tano hadi saba katika kila sehemu nane za mbingu, na kimo chake ni futi 2,000 juu ya uwanja. Taarifa hizi zikihifadhiwa, programu yaweza kuzisoma hata baada ya miaka mingi na kuyarudisha mawingu mahali pake. Kwa hiyo siku ya zamani hurudi kwa urahisi ikiwa palikuwapo mtu aliyetazama juu, akapima, akaandika.

Hapa ndipo historia yetu inapoingia. Katika Afrika ya Mashariki idara ya hali ya hewa iliyohudumia nchi zote kwa pamoja ilianzishwa mwaka 1929. Haikuanzishwa kwa ajili ya wakulima tu. Ndege za Imperial Airways zilikuwa karibu kuanza safari za kutoka Misri kuja Kisumu, nazo zilianza mwaka 1931. Na hapana rubani apendaye kuondoka bila ya kujua anakokwenda kuna nini. Basi vituo vikawekwa, na watu wakafundishwa kusoma vipimajoto, vipimahewa na vipimamvua kwa saa maalumu. Idara hiyo ya pamoja ilidumu hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ndipo kila nchi ikashika daftari zake. Lakini vituo vilifuata miji, mashamba na njia za ndege. Nchi kavu ya kaskazini-mashariki ilipata vituo vichache, na kati ya kituo na kituo palikuwa na safari ya siku nyingi kwa ngamia.

Je, mahali pasipokuwa na daftari mbingu zake zimepotea kabisa? Zipo mbinu za kuzitafuta, na mwanzo wake ni kisa cha kustaajabisha. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza Lewis Fry Richardson alifanya kazi ya kuendesha gari la majeruhi huko Ufaransa. Katika nafasi zake alifanya hesabu kubwa kwa mkono. Alizichukua habari za hali ya hewa ya Ulaya zilizopimwa asubuhi ya tarehe 20 Mei, 1910, akajaribu kuonyesha kwa kanuni za fizikia hewa ingebadilikaje kwa muda wa saa sita zilizofuata. Maandishi yake yalipotea vitani mwaka 1917, yakaonekana baada ya miezi kadhaa chini ya rundo la makaa huko Ubelgiji. Alipoyachapisha mwaka 1922, yeye mwenyewe aliwaonyesha wasomaji kwamba jawabu halikuwa sahihi: hesabu ilisema kanieneo ya hewa ingepanda kwa hektopaskali 145, hali kipimahewa cha kweli hakikusogea sana. Walakini njia yake ilikuwa njema. Wataalamu wa baadaye waligundua kwamba dosari ilikuwa katika vipimo vya kuanzia, ambavyo havikusawazishwa kabla ya kuingizwa katika hesabu.

Kazi iliyomshinda mtu mmoja sasa hufanywa na kompyuta. Mwaka 1996 wataalamu wa Marekani walitangaza kazi yao ya kuihesabu upya hali ya hewa ya dunia nzima kwa miaka mingi iliyopita. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa nacho kimetoa hesabu iitwayo ERA5, inayorudi nyuma hadi mwaka 1940, saa kwa saa. Namna yake ni hii. Kompyuta huigawanya dunia katika miraba, kila mmoja una upande wa kilometa 31 hivi. Hukusanya vipimo vyote vilivyobaki vya saa fulani: vya vituo vya nchi kavu, vya mabaharia, vya maputo yaliyorushwa angani na, kwa miaka ya karibuni, vya setilaiti. Kisha huuliza: ni hewa ya namna gani, itiiyo kanuni za fizikia, ambayo ingeweza kupatana na vipimo vyote hivi? Mraba usio na kipimo hujazwa kwa hesabu itokayo kwa majirani zake. Mwenye ujuzi aweza kuzichukua tarakimu hizo, akaziandika kwa namna ambayo mchezo wa ndege huzielewa, na mara mbingu za mwaka 1961 zikafunguka mbele yake.

Sasa keti katika kiti cha rubani, uondoke Nairobi kwenda Tana, Novemba 1961. Baadhi ya mambo utakayoyaona yafaa uyaamini. Unyevu mwingi utokao Bahari ya Hindi unaweza kuaminika, kwa sababu mabaharia walikuwa wakipima joto la maji njiani mwao. Vipimo vyao vilisaidia kufumbua fumbo la mwaka ule. Watu wengi hudhani kwamba mafuriko yetu makubwa yote huletwa na El Niño ya Bahari ya Pasifiki. Lakini mwaka 1961 haukuwa mwaka wa El Niño. Kilichotokea ni kwamba maji ya bahari upande wa Afrika yalikuwa na joto kuliko desturi, na ya upande wa Sumatra yakawa baridi kuliko desturi, na pepo za mashariki zikasukuma unyevu kuja kwetu. Wanasayansi walilieleza jambo hilo waziwazi mwaka 1999, wakiutaja mwaka 1961 kuwa mmojawapo wa mifano yake. Mwaka 1997 mambo hayo mawili yalikuja pamoja, na vivyo hivyo mwaka 2023. Na mara zote mbili watu wa Tana waliona mafuriko.

Lakini mengine utakayoyaona usiyaamini upesi. Kati ya Garissa na Masalani ipo karibu miraba mitano tu ya hesabu ile. Wingu la radi huweza kuwa na upana wa kilometa chache, likainywesha manyatta hii na kuiacha ile kavu. Kompyuta haijui lilisimama wapi. Wala hapakuwapo jicho la kutosha huko juu, kwa maana setilaiti ya kwanza yenye kufaa kwa kazi hiyo, TIROS-1, ilirushwa Aprili 1960, na picha za kila siku za nchi zetu hazikuwa zimeanza kupatikana kwa ukamilifu. Kwa hiyo wingu jeusi unaloliona juu ya Ijara katika mchezo wako ni mfano wa wingu lililowezekana kuwapo. Si ushahidi kwamba lilikuwapo.

Na liko jambo kubwa zaidi. Mto Tana hupata maji yake mengi katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, mamia ya kilometa kutoka Masalani. Mvua ikinyesha huko, maji huchukua siku kadhaa kushuka. Kwa hiyo yawezekana kabisa mto ukafurika Masalani wakati jua linawaka na mbingu ni nyeupe. Mchezaji anayerudisha hewa ya Masalani peke yake, kwa siku ya mafuriko peke yake, aweza kuona anga tulivu, akadhani wazee walitia chumvi. Kumbe wazee wamesema kweli, na yeye ndiye aliyetazama mahali na siku zisizotosha. Mwanahistoria naye hukutwa na hatari hiyo hiyo: tukio huonekana hapa, lakini chanzo chake chatoka mbali na kilianza mapema.

Basi ushahidi wa wazee una thamani gani? Una thamani kubwa, nao yafaa upimwe kama ushahidi mwingine wo wote. Wasomali wamezoea kuigawa miaka yao kwa majira ya Gu, Hagaa, Deyr na Jilaal, na kuikumbuka kwa ukame na mvua zake. Ukame mkuu wa mwaka 1974 huko Somalia ulipewa jina la Dabadheer, yaani wenye mkia mrefu. Kumbukumbu ya namna hii haikuambii upepo ulikuwa noti ngapi. Lakini yaweza kukuambia maji yalifika kwenye mti upi, mifugo ilihamishwa upande gani, na njia ipi ilipitika. Kompyuta haiyajui hayo hata kidogo. Atakayeweka kumbukumbu ya mzee karibu na tarakimu za mashine, na karibu na daftari la kituo, na kuona zinapopatana na zinapotofautiana, huyo ndiye atakayezikaribia mbingu za 1961 kuliko mchezaji wa starehe tu.

Wasemao Kiswahili wana methali kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mvua ni mali, hasa katika nchi kama Ijara, ambako majira moja yakikosekana mifugo hufa. Na daftari yake si ngumu kuianza. Kipimamvua husomwa saa tatu kila asubuhi. Milimeta moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Na tarakimu hiyo pamoja na tarehe yake hutoshea katika mstari mmoja wa karatasi. Shule iwezayo kufanya hivyo kila siku, bila ya kuruka hata siku zile ambazo jawabu ni sufuri, itaujaza mraba mmoja wa dunia ambao leo hujazwa kwa kukisia. Usiidharau sufuri, msomaji. Wanaoutafuta mwanzo wa ukame huutafuta katika sufuri zilizoandikwa kwa uaminifu. Siku moja kijana ambaye bado hajazaliwa atataka kuruka juu ya Masalani katika mbingu za zama hizi zetu. Atakayoyaona mbele yake yatategemea nani leo anatazama juu, akapima, akaandika.