Nafasi na alama maalumu katika majina ya mafaili

Nafasi na alama maalumu katika majina ya mafaili ni herufi ambazo mifumo ya kompyuta huzipokea kwa namna tofauti. Windows hukataa \ / : * ? " < > |, ilhali Linux hukataa mkwaju (/) na baiti ya sifuri pekee. Jina Taita/Taveta, kama lilivyo katika Katiba ya Kenya ya 2010, Linux hulisoma kuwa Taveta ndani ya folda Taita. Kwenye dirisha la amri la Linux, jina Hulugho maji.txt huwa mafaili mawili lisipotiwa ndani ya alama za nukuu. Kisomali, lugha kuu ya Hulugho, kaunti ya Garissa, hutumia alfabeti ya Kilatini iliyopitishwa Somalia mwaka 1972, yenye ritifaa ('). Dirisha hilo la amri huichukulia ritifaa kuwa mwanzo wa nukuu. Jina lililo salama zaidi ni hulugho_maji.txt.