Darasa, Daraja, Kidato na Tabaka

Mwanafunzi mmoja wa ualimu, mwenyeji wa Kisarawe, alituandikia insha juu ya jamaa zake, akasema ndani yake, "Bibi yangu alikuwa mtu wa darasa la chini." Wenziwe walicheka. Nasi tulilikata neno darasa kwa wino mwekundu, tukaandika juu yake tabaka. Lakini tulipokuwa tukirudi nyumbani tuliona kuwa kusahihisha ni rahisi kuliko kueleza. Maana Waingereza wana neno moja kwa mambo haya yote, nalo asili yake ni Kilatini: Warumi wa kale waligawanywa mafungu mafungu kwa kadiri ya mali zao, ili wajulikane katika kodi na vita. Sisi Waswahili tunayo maneno mengi, na kila moja lina safari yake.

Darasa limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni somo, wala si chumba. Hata leo msikitini watu husema darsa, yaani mafundisho ya sheikh. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, wadogo kwa wakubwa walikaa mkeka mmoja, kila mtoto akiendelea na juzuu yake. Aliyehitimu leo hakumngoja mwenziwe wa kesho. Desturi ya kusogea wote pamoja kila mwaka ilikuja na shule za Wadachi na za misioni. Huku kwetu Wamisioni wa Berlin walifundisha Kisarawe na Maneromango tangu mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1925 Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamishwa kutoka Kiungani, Unguja, kikaja Minaki, ambako walimu wengi walifunzwa kazi. Wazaramo nao walikuwa na marika yao tangu zamani, ya walioingia jandoni pamoja. Ila huko hakuna aliyerudishwa nyuma kwa kushindwa hesabu.

Daraja nalo ni la Kiarabu, maana yake kipago cha ngazi. Kwetu limekuwa pia njia ya kuvukia mto, kama lile la Ruvu. Wazee wetu walilifahamu zaidi kwa garimoshi. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikipita Pugu, Soga na Ruvu. Siku za Waingereza mabehewa yalikuwa ya daraja la kwanza, la pili na la tatu, na Mwafrika kwa kawaida alipanda la tatu. Wote walifika Morogoro saa ile ile, lakini hawakufika na migongo ile ile.

Neno tulipendalo kuliko yote ni kidato. Wanafunzi wa sekondari ya Kibaha, iliyojengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa nchi za Nordiki, husema "kidato cha nne" kila siku, na huenda hawajapata kumtazama mkwezi akifanya kazi yake. Kidato ni pengo likatwalo katika shina la mnazi ili mguu upate pa kukanyagia. Mkwezi hukata moja, akasimama juu yake, akakata la pili. Asiyekatiwa kidato hubaki chini hata kama ana nguvu za kupanda.

Sasa tabaka. Hili ni kitu kilicholala juu ya kingine, kama udongo wa kisima unavyoonekana ukichimba: mchanga, kisha mfinyanzi, kisha mwamba. Daraja hupandwa, lakini tabaka halipandwi. La chini hubeba la juu. Ndiyo maana Azimio la Arusha la mwaka 1967, liliponena juu ya wafanyao kazi na waishio kwa jasho la wengine, lilitumia neno hili.

Je, shule ilikuwa daraja au tabaka? Hadi mwaka 1961 zilikuwapo shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila watu mbali; mpango mmoja kwa wote ulianza Januari 1962. Miaka ya 1950 mtoto wa Kiafrika alisoma miaka minne, kisha mtihani wa kuingia shule ya kati. Nafasi zilikuwa haba, za wasichana haba zaidi. Wengi waliambiwa kuwa wamesimama katika kipago cha ngazi, kumbe ngazi yenyewe iliishia pale.

Kesho yake tulimwita yule mwanafunzi, tukamwuliza bibi yake alisoma wapi. Akajibu, "Hapa hapa Kisarawe, mwalimu. Alifika la nne, akafaulu, lakini nafasi haikupatikana. Akarudi shambani kulima mihogo maisha yake yote. Mwenyewe ndiye husema kwamba yeye ni mtu wa darasa la chini."

Tuliomba daftari lile tena, tukaandika pembeni kwa kalamu ile ile nyekundu: neno lako lilikuwa sahihi, liache.