Sababu za mashirika makubwa kutopenda kukodisha ndege

MNAMO Mei 2024, Wakenya wengi walighadhabika Rais William Ruto alipozuru Marekani kwa ndege ya kukodi aina ya Boeing 737 ya kampuni ya Royal Jet kutoka Abu Dhabi. Swali lililoulizwa kila pembe lilikuwa moja: mbona hakuabiri ndege ya Kenya Airways (KQ)? Rais alijitetea kwamba gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya kutumia shirika hilo.

Ndege rasmi ya Rais, Fokker 70 iliyonunuliwa mwaka wa 1995, iliundwa kwa safari fupi na haiwezi kufika Marekani bila kutua njiani kuongeza mafuta. Lakini kwa nini ndege ya kukodi kutoka ng'ambo iwe nafuu kuliko ya nyumbani?

Jibu limo katika hesabu. Ndege ya abiria huleta faida ikiwa angani, wala si ikiwa imeegeshwa. Ndiposa ikitua Nairobi alfajiri, huenda ikahitajika kuondoka tena baada ya saa chache. Kuichomoa katika ratiba ni kuahirisha safari, kuwatafutia abiria hoteli au ndege nyingine, na kuwapotezea wengine nafasi ya kuunganisha safari zao. Kwa hivyo, anayekodi hulipia mafuta na marubani na pia mapato ambayo shirika limeyakosa.

Ukubwa wa ndege nao ni kikwazo. Dreamliner ambazo KQ hutumia katika safari za mbali zina viti 234. Ujumbe wa watu 30 ukikodi ndege hiyo, utalipia viti zaidi ya 200 visivyokaliwa na mtu. Boeing ya kifahari yenye viti vichache haina hasara hiyo.

Isitoshe, kuna safari ya kurudi. Ndege ikimsubiri mteja, atalipia maegesho na malazi ya marubani na wahudumu. Ikirejea bila abiria, bado mafuta yatachomwa na gharama itakuwa juu yake. Aidha, sheria huweka kikomo cha saa ambazo rubani anaruhusiwa kuwa kazini, na vibali vya kupita katika anga ya mataifa mengine sharti viombwe mapema.

Kampuni za kukodisha, kwa upande wao, zimejengwa kwa msingi tofauti. Katika uwanja wa Wilson, Nairobi, kuna kampuni kadhaa zenye ndege ndogo kama Cessna Caravan, ambazo hutua katika viwanja vya udongo Maasai Mara ambako ndege kubwa haziwezi kutua. Huko Wilson ndiko pia iliko huduma ya madaktari wa angani ya AMREF, iliyoanza mwaka wa 1957. Kwa mgonjwa aliye mahututi kijijini, ndege inayosubiri kuitwa ndiyo tofauti kati ya uhai na kifo. Kampuni hizo huuza utayari, ilhali mashirika makubwa huuza ratiba.

Hata hivyo, mashirika makubwa hukubali kukodisha hesabu inapobadilika. Janga la Covid-19 lilipositisha safari za kimataifa za abiria mwaka wa 2020, ndege za KQ zilibaki chini. Shirika hilo lilifanya safari maalumu kuwarejesha Wakenya waliokwama Uingereza, India na China, wasafiri wakijilipia nauli. Ndege zilikuwepo, na wa kujaza viti walikuwepo.

Kwa hivyo, kabla ya kulaumu shirika kwa kukataa kukodisha, yafaa kuuliza mambo matatu: ni ndege ipi isiyo na kazi siku hiyo, ni viti vingapi vitakavyojaa, na ni nani atakayelipia safari ya kurudi.