Pikapu Mbili za 1968 na Mkopo wa Mjomba

Nimepotea kidogo, mnisamehe. Kazi ya kuandika programu ina msimu wake wa mvua, na mwezi uliopita ilinyesha bila kupumzika. Leo siandiki kuhusu kompyuta, ingawa mkivumilia mtaiona ikijipenyeza katikati bila kupiga hodi.

Mjomba wangu anaishi Wundanyi, kule juu milima ya Taita. Tangu nikiwa shule ya msingi huteremsha kabeji, nyanya na pilipili hoho hadi soko la Kongowea, Mombasa, kwa pikapu ya Peugeot 504. Sitaki kuitungia mashairi, lakini sehemu kubwa ya karo yangu ya chuo kikuu ilishuka mlima ule nyuma ya pikapu hiyo. Mwezi jana fundi wake alilala chini ya gari, akagonga hapa na pale kwa bisibisi, kisha akatoka akisema hawezi tena kuchomelea. Ujuzi anao. Tatizo ni kwamba hakuna chuma kilichobaki cha kushikia weldi.

Basi mjomba amechukua mkopo wa sacco, wa miaka minne, na ameonyeshwa magari mawili. Moja ni Hilux ya mwaka 1996, kebini moja, vyuma vitupu. La pili ni dabo kebini ya 2018 (kampuni siitaji), taa zake kama macho ya mwewe, skrini kwenye dashibodi. Akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wewe umesomea mitambo. Nichukue lipi?"

"Mjomba, mimi nilisomea sayansi ya kompyuta."

"Kwani kompyuta si mtambo?"

Hapo sikuwa na jibu. Nilimwomba wiki mbili. Gari likifa mwaka wa pili, mzee atabaki miaka miwili mingine akilipia maiti, kwa hiyo sikutaka kubahatisha. Nikaanza kusoma historia ya pikapu usiku baada ya kazi.

Pikapu ya kutoka kiwandani ni kitu cha zamani kuliko nilivyodhani. Aprili 1925 Ford ilianza kuuza Model T ikiwa tayari na sanduku la mizigo nyuma, kwa dola 281. Kabla ya hapo mtu alinunua gari, kisha akatafuta wa kumtengenezea sanduku. Lakini kwa sisi wa huku mwaka wa kukumbuka ni 1968, maana mwaka huo walizaliwa wawili. Ufaransa ilitoa Peugeot 504, sura yake ikiwa imechorwa na Pininfarina wa Italia. Japani ilitoa Toyota Hilux, iliyokuwa ikiundwa na kampuni ya Hino.

Tuanze na 504. Ilizaliwa ikiwa gari la abiria, na pikapu ilifuata mwaka 1979. Huku kwetu haikuhitaji matangazo. Ndugu yake mkubwa, 404, alikuwa ameshinda Safari Rally mara 4 (1963, 1966, 1967 na 1968), nayo 504 ikashinda 1975 na 1978. Wazee waliyaona magari hayo yakipita yamejaa tope, wakafanya hesabu zao. Hata kuunganishwa, 504 iliunganishwa hapa hapa Kenya kwa miaka mingi.

Sasa angalia jambo hili, ndilo lililonishika. Ulaya, 504 ya abiria ilisimamishwa mwaka 1983, lakini pikapu iliendelea kuundwa hadi 1993. Yaani mwaka 1993, Windows 3.1 ikiwa tayari mezani, kulikuwa na mtu kiwandani anafunga uso uliochorwa miaka ya 1960. Hakuna aliyejisumbua kuubadilisha. Matokeo yake ni kwamba fundi wa Wundanyi anaweza kung'oa mlango wa pikapu iliyokufa na kuufunga kwenye iliyo hai bila kuuliza ni ya mwaka gani. Sisi waandishi wa programu tunapigania jambo hilo kila siku na mara nyingi tunashindwa: toleo jipya lisivunje kilichokuwa kikifanya kazi jana.

Hilux ilichukua njia nyingine. Ilibadilishwa sura mara kwa mara, ila kwa hatua ndogo, na kwa miaka mingi chini ya ile sura mlikuwa na kitu kile kile: fremu ya chuma kama ngazi, ekseli ngumu nyuma, injini isiyo na maneno mengi. Ya kwanza ilikuwa na injini ya lita 1.5 na upana wa mita 1.58 hivi. Kizazi cha nane, kilichotoka 2015, kina upana wa karibu mita 1.85 na urefu unaopita mita 5.3. Na mzigo? Ya kwanza ilibeba tani moja. Ya kizazi cha nane inabeba tani moja, zidi au punguza. Nusu karne ya kunenepa, kabeji ni zile zile.

Sifa ya Hilux mnaijua, hasa wale mliowahi kupishana na pikapu ya miraa ikitoka Meru. Ila sifa hiyo ilipata mashahidi wawili wakubwa. Wa kwanza ni vita. Mwaka 1987 jeshi la Chad lililivamia jeshi la Libya lenye vifaru vya Kisovieti huko Fada na Ouadi Doum, likiwa juu ya pikapu za Toyota zilizofungwa makombora. Chad ikashinda, na hadi leo awamu ile huitwa Vita vya Toyota. Shahidi wa pili ni televisheni. Mwaka 2003 kipindi cha Top Gear cha Uingereza kilichukua Hilux ya dizeli ya 1988, iliyokwisha kutembea zaidi ya kilomita 300,000. Wakaiacha ichukuliwe na maji ya bahari, wakaipiga kwa mpira wa chuma wa kubomolea nyumba, wakaitia moto, mwisho wakaipandisha juu ya jengo refu lililolipuliwa kwa baruti. Kila mara iliwaka tena.

Watu huitazama video ile na kusema, lo, chuma cha zamani! Mimi niliitazama mara tatu na nikaona kitu tofauti. Wale mafundi waliifufua kwa vifaa vya kawaida tu, vya kwenye sanduku la kila fundi. Gari lile halikuwa la kutovunjika. Lilivunjika kila siku. Ila kila kilichovunjika kilionekana kwa macho na kilifikiwa kwa spana. Hakukuwa na kitu ndani yake kilichohitaji kuombwa ruhusa.

Lakini tusidanganyane kuhusu chuma cha zamani. Zamani kililiwa haraka zaidi. Muulizeni mjomba. Kinachozuia kutu katika gari la kisasa ni mambo mawili. Kwanza zinki: bati la bodi hupakwa zinki kama mabati ya nyumba yako. Pili, bodi nzima huzamishwa katika birika la rangi na kupitishiwa umeme, ili rangi ivutwe mpaka ndani ya matundu ambayo brashi haifiki. Njia hii ilianza viwandani miaka ya 1960 na ikaboreshwa sana baadaye. Ukiweka milango ya 1980 na ya 2018 miaka 15 kwenye hewa ya chumvi ya Mombasa, mimi ningeweka pesa yangu kwa ule wa 2018.

Shida ni kwamba mlango si gari. Mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi huko Marekani kuhusu fremu za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizotoka kati ya 2005 na 2010, magari milioni 1.5 hivi, kwa gharama iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Wenye magari walisema fremu hazikukingwa vya kutosha na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ilikuwa inazitoboa. Juu gari linang'aa, chini unaweza kupitisha kidole. Na hii ni kampuni ile ile ya video ile ile! Jina haliziii kutu, nilijiandikia hilo kwenye daftari.

Haya, turudi kwenye sura, maana hapo ndipo ninapokasirika kidogo.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 pikapu nyingi zilichorwa na rula. Mwaka 1994 Dodge ikatoa Ram mpya yenye pua iliyoinuka na mabega yaliyoshuka, mithili ya lori kubwa. Mauzo yakaruka zaidi ya mara mbili kwa mwaka mmoja. Wengine wote wakajifunza somo: mnunuzi wa pikapu analipia ubabe. Tangu hapo boneti zimepanda na grili zimepanuka. Mwaka 2023 IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima za Marekani, ilionyesha kwamba magari yenye boneti inayozidi sentimita 102 kwenda juu yana uwezekano wa asilimia 45 zaidi wa kumuua mtembea kwa miguu anayegongwa, yakilinganishwa na yale ya chini ya sentimita 76 yenye boneti inayoteremka. Mjomba hupita katikati ya wachuuzi wa Kongowea saa kumi alfajiri. Hiyo namba sikuipenda.

Halafu taa. Marekani, kuanzia 1940, taa ya gari ilikuwa kioo cha duara cha inchi 7, kipimo kimoja kwa wote. Ikiungua unanunua nyingine popote. Mwaka 1983 sheria ikalegezwa, wachoraji wakapata uhuru, na plastiki ikachukua nafasi ya kioo. Plastiki ile hukingwa na utando mwembamba. Jua likishaumaliza, taa huwa ya manjano kama jicho la mgonjwa. Ukitaka kujua umri wa gari la kisasa usisome namba, tazama taa. Na kila gari lina taa yake peke yake. Niliuliza bei ya taa ya ile dabo kebini Kirinyaga Road. Nilidhani nimetajiwa ya jozi. La, ilikuwa ya moja.

Inafurahisha kwamba Toyota yenyewe, ilipoufanyia ukarabati uso wa Land Cruiser 70 mwaka 2023 (gari la tangu 1984), ilirudisha taa za duara. Upande mwingine Tesla ilionyesha Cybertruck mwaka 2019 ikisifiwa kwa ugumu, mpira wa chuma ukarushwa na kioo kikapasuka mbele ya kamera. Mwaka 2025 zaidi ya 46,000 ziliitwa zirekebishwe kwa sababu ukanda wa chuma pembeni mwa kioo cha mbele ulikuwa umegundishwa kwa gundi na ungeweza kubanduka barabarani. Chuma kisichoshika kutu, kimeshikwa na gundi. Teh!

Sasa kompyuta imefika, kama nilivyoahidi. Dizeli za kisasa hutumia bomba moja la shinikizo kubwa, na kompyuta ndiyo inayoamua kila sindano ifunguke lini na kwa muda gani. Mfumo huu uliingia kwenye magari madogo mwaka 1997. Unakula mafuta kidogo, moshi kidogo, nguvu nyingi. Lakini hauvumilii uchafu, nasi tuna historia ya mafuta ya taa kuchanganywa kwenye dizeli, hadi serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua biashara hiyo. Mwaka jana pikapu ya rafiki yangu, changa kabisa, ilikataa kupita kilomita 40 kwa saa karibu na Mtito Andei. Ikavutwa hadi Nairobi. Niliunganisha kifaa changu kidogo cha kusomea hitilafu, kikasema sensa ya shinikizo. Tulichomoa plagi yake, tukaifuta vumbi, tukaichomeka. Ikapona. Gharama ya kuivuta ilikuwa kubwa kuliko simu yangu. Kabeji zingekuwa zimeoza.

Kwa hiyo ile ya 1996? Ningeipenda, lakini fremu yake ina karibu miaka 30 na huwezi kuagiza nyingine kama hiyo, maana sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Zilizomo nchini ndizo hizo, na zinaisha.

Jumapili nilimpigia simu. Nikamwambia aachane na yote mawili, atafute kebini moja ya 2012 au hapo karibu, ya daraja la chini kabisa: bampa nyeusi, rimu za chuma, bila skrini. Kompyuta imo ndani, hilo halikwepeki sasa, lakini bodi imepakwa zinki, sensa ni chache, na fundi wa Voi ana kifaa cha kuisoma. Nilihakikisha hilo kwanza.

"Hiyo haina sura," akasema.

"Mjomba, na 504 je?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "504 ilikuwa nzuri, wewe."

Jumamosi tunakwenda kuitazama moja Mwatate. Nimemwambia asisafishe nguo kabla ya kuja, maana tutalala chini yake wote wawili, mimi na kifaa changu, yeye na nyundo.