Kabla ya Kununua Kle: Historia Inayojificha mu Kinga Yako

Wengi wetu tukisha pata lisansi, kazi ya kwanza haiko mu biro. Ni tereni: kutembelea mashamba ya mihogo, kufuata vyama vya walimaji, kupima mavuno fasi gari haifiki. Chombo cha kufika kule ni kinga. Na swali linarudi kila mara: ninunue vyombo gani ili niweze kutengeneza kinga yangu mimi mwenyewe nyumbani?

Ku soko unakuta sanduku za plastike, vyombo makumi mawili ndani, vinang'aa. Unanunua, unafika nyumbani, kiisha unaona kama vingi havigusi kitu chochote mu kinga yako. Na ile kimoja unahitaji sana, hakimo. Haiko bahati mbaya. Ile sanduku ilitengenezwa kwa kinga ya historia ingine. Kila ekuru, kila valvu iliyo mu kinga yako ilichaguliwa na watu fulani, mu mwaka fulani, mu mji fulani. Mwenye kujua ile historia anachagua vyombo bila kudanganywa na rangi ya sanduku.

1. Shene: Manchester 1880, Coventry 1885

Mbele ya 1885, kinga ya kawaida kule Ulaya ilikuwa na gurudumu moja kubwa sana mbele, na pedali zilifungwa moja kwa moja ku lile gurudumu. Shene haikuwa. Ukianguka, ulianguka kutoka juu. Mu 1880, Hans Renold, fundi aliyefanya kazi Manchester, alitengeneza shene yenye vigurudumu vidogo kati ya vipini, ile tunayotumia mpaka leo. Mu 1885, John Kemp Starley wa Coventry akatoa kinga aliyoita Rover: magurudumu mawili karibu sawasawa, pedali katikati, shene inazungusha gurudumu la nyuma. Angalia kinga inayopita mbele yako leo. Umbo ni lile lile.

Hii inagusa mfuko wako wa vyombo namna gani? Kipimo cha shene kimebaki kile cha Waingereza: nusu inchi, ni kusema milimetri 12.7, toka kipini mpaka kipini kinachofuata. Njo maana regle yako ya shule ni chombo cha kinga. Hesabu nafasi 24 mu shene iliyovutwa: ikiwa mupya, inapaswa kuwa milimetri 304.8. Ikifika karibu 308, shene imeisha, na ukiacha itakula meno. Tena, shene ya kinga isiyo na vitesi inafungwa na kiungo chenye kiklipi kidogo. Kinafunguliwa na pense tu. Usilipe franga juu ya mashine ya kukata shene kama kinga yako iko ya aina hii. Wakati wa kurudisha kiklipi, upande uliofungwa uangalie fasi shene inakwenda. Upande ulio wazi ukitangulia, kinaweza kugongwa na kutoka njiani.

2. Mpira: Belfast 1888, Clermont-Ferrand 1891

Mganga wa wanyama mmoja wa Belfast, John Boyd Dunlop, aliweka mpira wenye hewa ku kinga ya magurudumu matatu ya mtoto wake, na mu 1888 akapata hati ya uvumbuzi. Mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amepata ile wazo mu miaka ya 1840, lakini wakati ule kinga ya kuiweka haikuwa. Mpira wa Dunlop ulikuwa na shida moja kubwa: uliunganishwa ku janti kwa kola. Ukitoboka, matengenezo yalikula masaa, kiisha kungojea kola ikauke.

Ndugu wawili wa Clermont-Ferrand, André na Édouard Michelin, waliona ile shida na kutoa mpira unaotoka na kurudi bila kola. Mu 1891, Charles Terront akauvaa mu mashindano ya Paris–Brest–Paris na akashinda. Kutoka pale mutu wa kawaida akaweza kujitengenezea mpira kando ya barabara. Vile vyuma vidogo vya kutoa mpira wa inje ni watoto wa mwaka ule. Na neno letu rustini linatoka ku jina la Mfaransa Louis Rustin, aliyeuza vile vipande vya kuziba mpira.

Rustini inashika juu ya kemia, haiko juu ya nguvu ya kidole. Parua mpira na karatasi ya msasa mpaka mng'ao utoke, paka kola nyembamba, ngoja ikauke mpaka isishike tena ku kidole, njo uweke rustini na kukandamiza. Kwa haraka yetu, tunaweka wakati kola iko bado maji. Kiisha tunasema rustini ni mbaya.

3. Sisi tulilipa bei ya ule mpira

Hapa historia inaacha kuwa ya Wazungu peke yao. Mu 1888 Dunlop anapata hati yake. Wakati ule ule nchi yetu iko mikononi mwa mfalme Leopold II, chini ya jina la Dola Huru ya Kongo, toka 1885. Kinga za Ulaya na Marekani zikataka mpira, kiisha magari. Mpira wa kupanda mu mashamba ulikuwa bado haujatoka mwingi. Wa pori ulikuwa kwetu.

Sisi wanaagronomia tujue tofauti. Hevea ni mti: unaupanda, unangojea miaka karibu saba, kiisha unakata ganda kidogo kidogo na unaishi miaka mingi. Mpira wa pori ya Kongo ulitoka zaidi ku kamba za msitu za jamii ya Landolphia. Kamba inapanda juu ya mti, mutu anapanda nyuma yake, na akiikata kabisa ili apate utomvu mwingi haraka, inakufa. Kesho atatembea mbali zaidi. Makampuni kama ABIR na Anversoise yalidai kila kijiji kilete kipimo chake. Walioshindwa walipigwa fimbo ya ngozi ya kiboko, wake zao wakafungwa kama rehani, wengi wakauawa, na mikono ikakatwa. Mu 1890 mpira uliotoka Kongo ulikuwa tani zaidi ya mia moja tu. Mu 1901 ulifika karibu tani 6,000.

E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli, aliona ku bandari ya Antwerp kama meli zinaleta mpira na zinarudi na bunduki na risasi, bila bidhaa za kulipa watu. Roger Casement, konsul wa Uingereza, alizunguka mtoni mu 1903 na ripoti yake ikatoka 1904. Mu 1908 Leopold akaachia nchi ku serikali ya Ubelgiji. Wakati ule mashamba ya hevea ya Asia, yaliyotoka ku mbegu Henry Wickham alitoa Brezil mu 1876, yalikuwa yameanza kuchukua soko.

Siandiki hii ili mutu achukie kinga. Naandika juu ya jambo moja: babu zetu walitoa mpira na hawakupanda kinga. Leo kinga iko mikononi mwetu, na wengi bado tunaona kuitengeneza ni kazi ya mutu asiyesoma. Ile mawazo inatugharimu.

4. Nottingham, Tianjin, Shanghai: kinga "ya chuma"

Kampuni Raleigh ya Nottingham, toka mwisho wa karne ya 19, ilieneza ulimwenguni kinga nzito ya barabara: magurudumu ya inchi 28, freni za fimbo za chuma, na maniveli, ule mkono unaobeba pedali, iliyoshikwa na klaveti. Viwanda vya China vilichukua lile umbo: Flying Pigeon ya Tianjin toka 1950, na Phoenix ya Shanghai. India nayo ikawa na Hero ya Ludhiana toka 1956. Kinga nyingi "za chuma" zinazobeba makala kuingia Lubumbashi, na zile ba toleka wa Kisangani walibebea watu wakati vita vilikata biashara ya mto, ni za ukoo huu.

Ukoo huu unataka vyombo vitatu vya kweli. Cha kwanza ni kle za ekuru, za milimetri. Ekuru za magurudumu ni mara nyingi 15, lakini pima yako kwanza, hasa kama ni kinga ya zamani ya Uingereza, juu zile zilipimwa kwa inchi na kle ya milimetri itakula pembe za ekuru. Cha pili ni nyundo. Ndiyo, nyundo. Ukisikia pedali inagonga mara moja kila mzunguko, klaveti imelegea. Legeza ekuru yake mpaka iwe sawa na mwisho wa skuru, tegemeza maniveli chini na bomba la chuma au mti mgumu, kiisha piga mara moja kwa nguvu. Usipige skuru tupu, itapondeka. Peleka klaveti ya zamani ku soko wakati wa kununua mupya, juu kuko za milimetri 9 na za 9.5. Cha tatu ni kampira kadogo ka valvu. Valvu ya ukoo huu mara nyingi iko na kampira ndani kanakoshika hewa; kakikauka, mpira unapoteza hewa usiku wote, nawe unatafuta tundu lisilokuwa.

5. Kalifornia: kinga ya mlima

Mwisho wa miaka ya 1970, vijana wa Kalifornia walianza kushuka milima na kinga nzito walizobadilisha. Mu 1981 Specialized ikatoa Stumpjumper, kinga ya mlima ya kwanza kutengenezwa kwa wingi mu kiwanda. VTT zinazofika kwetu zimetumiwa Ulaya ni za ukoo huu. Ndani yake ekuru zimepungua. Badala yake kuko skuru zenye tundu la pembe sita. Hapa njo ile sanduku ya soko inapata maana: kle za pembe sita 4, 5 na 6 zitafanya kazi nyingi. Maniveli haina klaveti, na mara nyingi inataka chombo chake cha kuivuta, nyundo itaiharibu. Valvu mara nyingi ni ya Schrader, ile ile ya moto na gari, basi kwado yeyote anaweza kukupa hewa.

6. Sasa nunua

Fanya hesabu rahisi: zunguka kinga yako na karatasi, andika ngapi ni ekuru za inje na ngapi ni tundu za pembe sita. Ile hesabu itakuambia uko ku ukoo gani.

Kwa kila kinga: vyuma viwili vya kutoa mpira, rustini, kola, msasa, pompi inayolingana na valvu yako, pense, turnevisi, regle, na mafuta ya mashine. Mafuta ya mawese hapana: yanaganda kukiwa baridi na kushika vumbi. Mafuta yaliyotoka ku vidanje hapana: yamebeba vumbi la chuma.

Kwa kinga ya chuma ongeza: kle za ekuru ulizopima, nyundo, klaveti mbili za akiba na kampira ka valvu. Kwa VTT ongeza: kle tatu za pembe sita na, kama uwezo unaruhusu, chombo cha kuvuta maniveli. Kle ya ba rayoni ingojee mpaka ukae mara kadhaa karibu na fundi na kuona namna anazungusha robo, robo.

Nunua chache na ngumu. Jaribu kle ku ekuru mbele ya muuzaji: ikicheza, rudisha. Na ba kwado wabaki walimu wetu. Uende kwao na swali, hata kama uko na diplome mu mfuko, juu mlimaji anayekungojea kilometri 20 mbele na mihogo yenye ugonjwa hataangalia diplome. Ataangalia kama umefika.